Jeraha Lisiloandikwa: Ukatili wa Ndoa, Talaka na Jalada la Mgonjwa

Mwanamke wa miaka 34 anafika kituo cha afya akiwa amefunika upande wa kushoto wa uso kwa mtandio. Anasema aliteleza bafuni. Nje kuna foleni ndefu, na tabibu hana muda wa maswali mengi. Anaandika: "Ameanguka, uvimbe wa shavu," kisha anampa dawa ya maumivu. Miezi minne baadaye mwanamke huyo anarudi akilalamika kuumwa kichwa na kukosa usingizi. Anapimwa malaria, vimelea havionekani, anaondoka na vidonge. Mara ya tatu anakuja akiwa mjamzito, akishika tumbo. Muuguzi anaona alama za vidole juu ya kiwiko chake, anamuuliza kwa sauti ya chini kulikoni. "Mambo ya nyumbani tu, dada," anajibu. Muuguzi anampapasa bega na kumwambia: "Vumilia mwanangu, kila ndoa ina yake." Kwenye kumbukumbu za siku hiyo panabaki maneno machache: "Maumivu ya tumbo, ujauzito wiki 20."

Mwaka mmoja baadaye mama huyo amesimama mbele ya hakimu. Anaomba talaka kwa sababu ya ukatili. Mume anakana kila kitu. Majirani waliosikia kelele usiku hawataki kuingilia ugomvi wa mke na mume. Hakimu anauliza kama aliwahi kutibiwa majeraha hayo, naye anajibu kwamba alitibiwa, tena mara tatu. Kumbukumbu zinaletwa. Zinasema aliteleza, alikosa usingizi, aliumwa tumbo. Hakuna neno la uongo katika karatasi hizo. Hakuna pia neno linalomsaidia.

Mfano huu si habari ya mtu mmoja anayejulikana. Umetungwa ili kuonyesha mahali ambapo chumba cha matibabu na chumba cha mahakama hukutana, na jinsi ambavyo mkutano huo unaweza kumkosesha mgonjwa haki yake bila mtumishi wa afya kukusudia. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Katika nyumba yenye ukatili, mara nyingi mtu wa kwanza kutoka nje kuiona siri hiyo ni yule anayefunga kidonda.

Ukubwa wa tatizo

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoshiriki utafiti mkubwa wa Shirika la Afya Duniani kuhusu afya ya wanawake na ukatili wa majumbani. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2005. Wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 waliowahi kuwa na mume au mwenza walihojiwa jijini Dar es Salaam na mkoani Mbeya. Katika Dar es Salaam, asilimia 41 walisema wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono na mwenza wao. Mbeya walikuwa asilimia 56. Wanawake hao hawakutafutwa polisi wala mahakamani, bali katika kaya za kawaida.

Kwa mtumishi wa afya, maana ya takwimu hizo ni nyepesi kueleweka. Katika siku moja ya kliniki ya wajawazito, ya wagonjwa wa nje au ya afya ya akili, ni vigumu asiwemo hata mmoja anayeishi na hofu nyumbani. Huyo hatajitambulisha kwa jina la tatizo lake. Atakuja na kichwa kisichopona, maumivu ya mgongo yasiyo na chanzo, maambukizi ya zinaa yanayojirudia, mimba iliyoharibika, mapigo ya moyo yanayokimbia, au kukata tamaa kunakofikia wazo la kujiua. Ukatili ni chanzo cha maradhi, na chanzo kisipotajwa, tiba hubaki ya juu juu.

Sheria inasema nini

Upande wa Tanzania Bara, ndoa za aina zote, ziwe za kidini, za kiserikali au za kimila, husimamiwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Zanzibar ina utaratibu wake, na kwa Waislamu mashauri ya ndoa husikilizwa katika Mahakama za Kadhi.

Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa kinatamka wazi kwamba, hata kama ipo mila inayosema vinginevyo, hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Kifungu hiki kimekuwapo kwa zaidi ya nusu karne, lakini bado wapo wanaume wanaoamini, na wanawake waliofundishwa kuamini, kwamba kofi ni sehemu ya malezi ya mke. Kwa sheria ya nchi, si hivyo. Aidha, kumpiga mwenzi na kumjeruhi ni kosa la jinai kama ilivyo kumjeruhi mtu mwingine yeyote, na shauri la jinai linaweza kwenda sambamba na shauri la talaka.

Kuhusu talaka, sheria haiulizi kwanza nani ana kosa. Inauliza kama ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Mahakama ikiridhika kwamba imefikia hapo, inaweza kutoa talaka. Kifungu cha 107 kinaorodhesha mambo yanayoweza kuchukuliwa kuwa ushahidi wa kuvunjika huko. Miongoni mwake ni uzinzi, kutelekezwa kwa makusudi kwa muda usiopungua miaka mitatu, na ukatili. Ukatili huo unaweza kuwa wa kimwili au wa kiakili, na unaweza kuwa umefanywa dhidi ya mwombaji au dhidi ya watoto wa ndoa hiyo.

Maneno "au wa kiakili" yana uzito mkubwa. Wagonjwa wengi hudhani kwamba pasipo mfupa kuvunjika hapana ukatili. Sheria haikutoa tafsiri finyu ya neno hilo. Iliachia mahakama ipime mwenendo wote na athari zake. Katika sheria ya Kiingereza, ambayo mahakama za Afrika Mashariki ziliirithi kwa sehemu, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ilieleza mwaka 1897, katika shauri la Russell dhidi ya Russell, kwamba ukatili ni mwenendo unaohatarisha maisha, viungo au afya ya mtu, ya mwili au ya akili, au unaompa sababu ya haki ya kuogopa hatari hiyo. Hivyo basi, tangu zamani, swali la ukatili limekuwa pia swali la afya. Matusi ya kila siku mbele ya watoto, vitisho vya kuua, kufungiwa ndani, kunyimwa chakula, kuzuiwa kwenda kliniki au kunyang'anywa dawa ni mambo ambayo mtu mmoja mmoja anaweza kuyaona madogo. Yakikusanywa na kuonyeshwa jinsi yalivyomvuruga mwathirika usingizi, hamu ya kula na akili, sura yake hubadilika.

Ikumbukwe pia kwamba sheria inamtaja mwenzi kwa ujumla. Mwanamume anayepigwa, anayetishiwa au kudhalilishwa na mkewe ana haki ileile ya kuomba talaka, na huduma anayostahili hospitalini ni ileile. Aibu humfanya aseme kwamba aligombana na walevi barabarani. Mtumishi anayejua hilo atamuuliza kwa heshima.

Njia ya kufika mahakamani

Mtu anayetaka talaka hawezi, kwa kawaida, kwenda moja kwa moja mahakamani. Mgogoro sharti upelekwe kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Mabaraza haya yapo katika ngazi ya kata, na yapo pia yaliyo chini ya jumuiya za dini. Baraza huwaita wote wawili na kuwasikiliza. Likishindwa kuwapatanisha, hutoa hati inayoeleza kwamba usuluhishi umeshindikana. Hati hiyo huambatanishwa na ombi la talaka, nayo isiwe imetolewa zaidi ya miezi sita kabla ya ombi kufunguliwa. Si karatasi ya kudharau: Mahakama ya Rufani imekwisha kueleza kwamba ombi lisilo na hati halali limefunguliwa kabla ya wakati wake. Wapo waliopoteza miaka ya shauri kwa sababu ya kasoro ya karatasi hii moja.

Kwa mtu anayeishi na ukatili, hatua ya usuluhishi inaweza kuwa ya hatari. Kumkalisha mwathirika kando ya anayempiga na kumtaka aeleze yote ni jambo analoweza kulilipia usiku ule ule. Sheria iliona kwamba zipo hali ambazo usuluhishi hauwezekani. Kifungu cha 101 kinataja misamaha kadhaa, kwa mfano pale mwenzi aliyetelekeza hajulikani alipo, au alipoitwa na Baraza akakataa kwa makusudi kufika, au pale mahakama inaporidhika kwamba kuna mazingira ya pekee yanayofanya usuluhishi usitekelezeke. Msamaha huu wa mwisho hautolewi kwa maneno matupu. Mahakama huhitaji kuonyeshwa mazingira hayo. Kumbukumbu ya matibabu inayoeleza kukabwa koo au kutishiwa kwa panga ni miongoni mwa vitu vinavyoweza kuyaonyesha.

Yapo mambo mengine mawili ya kufahamu. La kwanza, ombi la talaka haliruhusiwi kabla ya miaka miwili ya ndoa kupita, isipokuwa kwa ruhusa ya mahakama pale mwombaji anapopata mateso yasiyo ya kawaida. La pili, kwa wanandoa waliofunga ndoa kwa taratibu za Kiislamu, Baraza likishathibitisha kushindwa kwa usuluhishi, na baada ya hapo mmoja wao akafanya tendo ambalo kwa sheria ya Kiislamu linavunja ndoa, mahakama huona kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika na kutoa talaka.

Ombi linaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu. Asiyeweza kumlipa wakili anaweza kutafuta msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, inayowatambua pia wasaidizi wa kisheria katika jamii. Mahali pengi msaidizi wa kisheria ndiye anayemweleza mama aanzie wapi, na ndiye anayemkumbusha asiipoteze hati ya Baraza.

Kwa nini jalada lina nguvu

Shauri la talaka ni la madai. Mwombaji hatakiwi kuthibitisha pasipo shaka yoyote, kama inavyotakiwa kwa upande wa mashtaka katika kesi ya jinai. Anatakiwa kuonyesha kwamba maelezo yake yana uwezekano mkubwa wa kuwa kweli kuliko ya upande wa pili. Hapo ndipo maandishi ya siku ya tukio, yaliyoandikwa na mtu asiye na maslahi katika ndoa ile, yanapogeuza mizani.

Kuna sababu nyingine ya kitabibu ambayo mara nyingi husahauliwa. Mtu aliyepigwa kichwani mara kwa mara, au aliyeishi miaka mingi katika woga, anaweza kupata shida ya kumbukumbu. Anakumbuka harufu ya chumba na rangi ya shati, lakini anachanganya tarehe. Anasema Machi, kisha anasema baada ya Ramadhani. Mbele ya mahakama, mkanganyiko huo unaweza kuonekana kama uongo, ilhali ni matokeo ya jeraha lenyewe. Tarehe iliyoandikwa na muuguzi siku ile inamkumbukia mgonjwa kile ambacho ukatili ulimfutia.

Ndiyo maana methali isemayo "mali bila daftari hupotea bila habari" inafaa hapa pia. Maumivu bila maandishi nayo hupotea bila habari.

Namna ya kuuliza na kuandika

Swali huulizwa faraghani. Mume, mama mkwe, wifi au mtoto mkubwa asiwepo, na asitumiwe ndugu kuwa mkalimani. Maneno ya kawaida yanatosha: "Majeraha kama haya wakati mwingine husababishwa na mtu wa nyumbani. Je, kuna mtu anayekuumiza au kukutia hofu?" Mgonjwa akikana, asilazimishwe. Ameshajua kwamba mlango upo wazi, na huenda akarudi.

Akisema, kazi ya kwanza ni kumsikiliza bila kumhukumu, kumwambia kwamba kilichotokea si kosa lake, na kutibu. Huduma ya kuokoa maisha haisubiri fomu. Aliyebakwa, hata kama ni na mumewe, anahitaji dawa za kuzuia maambukizi ya VVU ndani ya saa 72, na kinga ya dharura ya mimba ndani ya siku 5. Kila saa inayopita hupunguza manufaa. Aliyekabwa koo anahitaji uangalizi wa pekee hata kama shingo haionyeshi alama. Sauti iliyokwaruza, shida ya kumeza, vitone vidogo vyekundu machoni, kupoteza fahamu au kujikojolea wakati wa tukio ni dalili za hatari, na madhara yanaweza kujitokeza saa au siku kadhaa baadaye.

Katika kuandika, mambo yafuatayo hutofautisha kumbukumbu yenye msaada na isiyo nao.

Maneno ya mgonjwa yaandikwe kama alivyoyasema, ndani ya alama za kunukuu: Mgonjwa anasema, "Mume wangu alinipiga na mwiko jana usiku, kisha akanikaba." Ni bora kuandika "anasema" kuliko "anadai", kwa kuwa "anadai" hubeba shaka ya mwandishi.

Kila jeraha lielezwe kwa mahali lilipo, ukubwa kwa sentimita, umbo na rangi, na ikiwezekana lichorwe kwenye mchoro wa mwili. Michubuko upande wa nje wa mkono kati ya kiwiko na kifundo, au kuvunjika kwa mfupa wa sehemu hiyo, hupatikana mara nyingi kwa mtu aliyeinua mkono kujikinga. Alama nne za mviringo kwenye mkono wa juu hufanana na vidole vilivyobana. Yaandikwe yanayoonekana, kisha iongezwe: "Majeraha yanalingana na maelezo ya mgonjwa," au "hayalingani," kama ndivyo ilivyo. Umri wa mchubuko usikadiriwe kwa rangi yake pekee, kwani rangi hubadilika tofauti kwa kila mwili na kila mahali pa mwili. Tabibu anayetamka kwa uhakika kwamba mchubuko una siku tatu anaweza kuaibika akihojiwa, na ushahidi wote ukapungua thamani.

Hali ya akili iandikwe pia: usingizi, hamu ya kula, woga, kilio, mawazo ya kujidhuru. Kwa ukatili wa kiakili, huenda huo ndio ushahidi pekee wa kitabibu utakaopatikana. Mwisho, pawepo tarehe, saa, jina, cheo na saini inayosomeka. Mtumishi anaweza kuitwa mahakamani baada ya miaka mitatu, akiwa amehudumia maelfu ya wagonjwa wengine. Atakachokuwa nacho ni mwandiko wake.

Pale mgonjwa anapotaka hatua za kipolisi, hupewa Fomu Namba 3 ya Polisi, maarufu PF3, ambayo tabibu huijaza baada ya uchunguzi. Fomu hiyo haichukui nafasi ya jalada la hospitali. Vyote viwili vijazwe, na visipingane.

Kuandika bila kumhatarisha

Wagonjwa wengi huondoka na daftari lao la matibabu mkononi. Daftari hilo litawekwa juu ya meza nyumbani, na mtu wa kwanza kulifungua anaweza kuwa yule yule aliyesababisha jeraha. Kwa hiyo maelezo ya ukatili yaandikwe kwenye jalada linalobaki hospitalini, nalo litunzwe kwa siri. Katika daftari la kwenda nalo nyumbani yaandikwe matibabu na tarehe ya kurudi tu. Mgonjwa aelezwe kwamba kumbukumbu kamili ipo, na kwamba atakapoihitaji anaweza kuiomba, au mahakama inaweza kuamuru iletwe.

Mtumishi wa afya asigeuke msuluhishi. Kumpigia mume simu ili "kuyamaliza", au kumwita chumbani waelewane, kunaweza kumweka mgonjwa katika hatari kubwa zaidi. Vivyo hivyo, asimshinikize mgonjwa aondoke nyumbani leo. Wakati mwathirika anapoondoka, au anapotangaza kwamba ataondoka, ndio mara nyingi hatari huongezeka, kwa kuwa mtesaji anahisi kupoteza mamlaka yake. Uamuzi ni wa mgonjwa. Kazi ya mtumishi ni kumsaidia aufanye akiwa salama. Maswali machache husaidia kupima hatari: Je, vipigo vimeongezeka siku hizi? Amewahi kukukaba? Amewahi kutumia au kutishia kwa silaha? Ametishia kukuua au kujiua? Watoto wapo salama usiku wa leo?

Afisa ustawi wa jamii wa hospitali, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na vituo vya mkono kwa mkono vilivyopo katika baadhi ya hospitali, ambako tiba, ushauri nasaha, polisi na msaada wa kisheria hupatikana mahali pamoja, ni milango ya kumwelekeza. Kumwelekeza si kumpa jina la ofisi tu. Ikiwezekana apelekwe na mtu, au ofisi hiyo ipigiwe simu akiwa bado yupo.

Kwa mgonjwa anayesoma haya

Mficha maradhi kifo humuumbua. Anayeishi na ukatili si lazima aseme yote siku ya kwanza, wala si lazima awe ameamua kuachana na mwenzi wake ndipo amweleze daktari. Kusema ukweli hospitalini si kufungua shauri. Ni kupata tiba sahihi na kuacha alama ambayo, siku moja, inaweza kuhitajika.

Yapo mambo yanayoweza kufanywa taratibu. Kuhifadhi cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki na nyaraka za mali, au nakala zake, kwa ndugu au rafiki anayeaminika. Kutofuta ujumbe wa vitisho uliopo kwenye simu, na kuutuma mahali salama. Kumweleza mtu mmoja mwenye busara, awe jirani, kiongozi wa dini au mjumbe, ili awepo anayejua. Kukariri namba za simu za watu wawili wa kukimbilia, kwa kuwa simu huvunjwa katika ugomvi.

Wengi huvumilia kwa sababu ya watoto na mali. Ni vyema wajue kwamba talaka haimaanishi kuondoka mikono mitupu. Mahakama inayotoa talaka ina uwezo wa kugawa mali zilizochumwa kwa juhudi za pamoja. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke, kupika, kufua na kulea, huhesabiwa kuwa mchango katika kuchuma mali hizo. Kuhusu watoto, kigezo kikuu ni ustawi wa mtoto. Na kwa mtoto wa chini ya miaka 7, sheria inachukulia kwamba ni manufaa kwake kuwa na mama yake, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Mahakama inaweza pia kuamuru matunzo, na kumzuia mwenzi asimbughudhi mwenzake wakati shauri likiendelea na hata baada ya talaka. Asiyetaka talaka, pengine kwa imani yake ya dini, anaweza kuomba amri ya kutengana.

Watoto wenyewe wasisahauliwe. Mtoto anayesikia mama yake akilia kila usiku naye ni mgonjwa, hata kama hajaguswa. Hukojoa kitandani, hushuka darasani, hushtuka mlango ukigongwa. Msemo wa "ninavumilia kwa ajili ya watoto" unahitaji kupimwa kwa kile ambacho watoto hao wanaishi nacho.

Mstari mmoja

Mama wa mfano ulioanza makala haya alikuwa na nafasi tatu za kusikilizwa. Hakuna aliyemfukuza, aliyemtukana wala aliyemnyima dawa. Alihudumiwa na watu wema waliochoka, wenye foleni ndefu nje ya mlango. Kilichokosekana ni dakika tano za faragha, swali moja, na mstari mmoja: "Mgonjwa anasema alipigwa teke la tumbo na mumewe jana saa mbili usiku. Mchubuko wa sentimita sita kwa nne, chini ya kitovu, kushoto. Majeraha yanalingana na maelezo."

Mstari huo usingemlazimisha kudai talaka, na usingemhukumu mume kabla ya kusikilizwa. Ungekaa kimya ndani ya jalada, kabatini, mpaka siku ambayo mwenyewe angeuhitaji. Siku hiyo, hakimu alipouliza kama aliwahi kutibiwa, mama huyo asingebaki na maneno yake peke yake.